Mke wa Ndugu ya Mfalme

Kwa mazoezi nilikuwa nimemwacha Nyaruach mara kumi na nne. Kila mara namwambia mbele ya watu, "Wewe si mke wangu tena," na kila mara anatoka kichwa juu, halafu dakika tano baadaye amekaa kando yangu kwa ukuta ananipea nusu ya chapati yake. Kwa hivyo ile Jumamosi tukiingia Lodwar sikuwa na wasiwasi. Kumwacha huyu msichana ni kitu ningefanya nikiwa nimefunga macho.

Ile ya kumi na tano ndiyo karibu inimalize.

Wacha nieleze mchezo wenyewe. Ni mambo ya kweli ya Uingereza, zamani sana, ukoo wa wafalme walioitwa Tudor. Jean-Luc, mwalimu Mkongo wa pale kambini Kakuma, aliyasoma kwa kitabu akaandika mchezo wake kwa Kiswahili. Kuna mfalme, Henry. Ndugu yake mkubwa alioa binti wa Hispania, Katerina, halafu huyo ndugu akakufa. Henry akamchukua mjane, akamfanya malkia. Wamekaa miaka ishirini, mtoto wa kiume hakuna, na Henry ashaona msichana mwingine anaitwa Ana. Sasa asubuhi moja anaamka anasema roho inamsumbua, eti ni dhambi kuchukua mke wa ndugu yako.

Siku ya kwanza Jean-Luc akitusomea, tulicheka mpaka akafunga daftari.

"Dhambi iko wapi?" Lueth akauliza. Lueth ni Mdinka, mrefu kama mlingoti wa bendera, yeye ndiye Kardinali. "Ndugu amekufa, mke ni wa nyumba. Asimchukue, amuachie nani?"

"Labda huyo mfalme alisahau ng'ombe za mahari zilishatolewa," nikasema mimi. "Zikitolewa ni mara moja. Mke ni wa boma."

"Bon," Jean-Luc akasema, anafuta jasho. "Kule Ulaya hawakukuwa natoa ng'ombe."

"Ndio maana walipata shida!"

Wote wakaanguka. Nyaruach peke yake hakucheka. Alikuwa anakunja karatasi yake pole pole, kona kwa kona. Mimi nikafikiri ni joto.

Niliacha shule darasa la saba. Siwezi danganya mtu, kusoma kwangu kunaenda kama punda amechoka. Kazi yangu ni kuchomelea milango na mageti, na kwa hiyo hakuna mtu Kakuma atanishinda. Lakini karatasi ishirini na sita za Jean-Luc zilinitoa jasho kuliko moto wa mashine. Nyaruach aliona. Hakusema kitu mbele ya wengine. Jioni moja akanikuta nimefungua ukurasa wa kwanza, akakaa, akasema, "Mimi nasema, wewe unarudia." Tukafanya hivyo miezi mitano. Anasema mstari wangu na sauti yake ya chini, ile ya mtu hana haraka na dunia, na mimi narudia nikiangalia mdomo wake. Mistari niliishika haraka. Mdomo wake niliushika haraka zaidi. Siku moja nikarudia mstari, nikaongeza, "Na nakupenda." Akaangalia karatasi, akageuza, akaangalia nyuma yake.

"Hiyo haiko hapa," akasema.

"Najua."

"Basi isome tena."

Sasa kuna kitu sikuwa nimemwambia. Ndugu yangu Adome alikufa miaka miwili iliyopita, lori ya samaki ikianguka njia ya Kalokol. Aliacha mke, Atabo, na binti mdogo. Mwezi uliopita baba mkubwa Lokiru aliniita Lodwar, akanikalisha chini. "Atabo amekaa peke yake vya kutosha," akasema. "Nyumba ya Adome iko wazi. Ni wewe." Mimi nimewahi kumwambia mkubwa wa polisi usoni kwamba geti yake aliyojivunia imepinda. Mimi siogopi mdomo wangu. Lakini siku hiyo nilisema tu, "Nimesikia, baba," nikapiga pikipiki moto. Na kwetu kijana akimwambia mzee amesikia, mzee anaanza kutafuta dume la kuchinja.

Hivyo ndivyo mambo yalikuwa, saa tisa mchana, ukumbi wa Lodwar umejaa watu mia mbili, mabati yanalia kwa jua. Nikatokea steji na taji langu, nikaangalia mstari wa mbele. Baba mkubwa Lokiru alikuwa pale, kwa kigoda chake, fimbo katikati ya magoti. Kando yake Atabo, amevaa shanga zote.

Mzee alikuja kunionyesha Atabo.

Tukaingia sehemu ya korti. Lueth kwa kiti chake cha Kardinali, Nyaruach amepiga magoti mbele yangu, gauni jekundu, shingo ndefu imenyooka. Mstari wangu ulikuwa huu: *Katerina amekuwa mke mwema na mwaminifu. Sina neno baya juu yake. Ni sheria ya Mungu peke yake inatutenganisha.* Nilikuwa naujua kama jina langu.

Lakini macho yangu hayakuwa kwa Katerina. Yalikuwa kwa ile fimbo. Na kitu kilichokuwa kimenikaa kooni mwezi mzima kikapata mlango.

"Mtu akichukua mke wa ndugu yake," nikanguruma, "hiyo nyumba ina laana! Kitanda kina laana! Watoto watakaozaliwa humo ni laana! Mimi sitaki! Mmesikia? Sitaki!"

Ukumbi ukalipuka. Wamama wa sokoni wakasimama. Mmoja akavua sandali. Baba mkubwa Lokiru alisimama pole pole, kama mtu amesikia nyoka. Na mimi, mjinga, nilijisikia vizuri sana, kifua wazi, kama nimetua gunia la simenti.

Halafu nikamwangalia Nyaruach.

Alikuwa ameinuka. Ile sehemu malkia anabaki magoti, lakini yeye aliinuka mpaka macho yetu yakalingana. Macho yake nilikuwa nayajua yakicheka, yakichoka, yakinikwepa. Haya sikuyajua.

"Rudia," akasema.

Haikuwa kwa karatasi.

"Mfalme, rudia ya watoto."

"Mwambie, mama!" sauti ikatoka nyuma. "Mwambie huyo!"

Sikurudia. Akangoja, akahesabu pumzi zangu naona, halafu akageuka, akatoka katikati ya watu, mlango mkubwa, kama Katerina wa kweli alivyotoka korti yake. Wanawake wakampigia vigelegele mpaka nje. Jean-Luc akavuta pazia haraka, akatangaza mapumziko.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, kwa kivuli cha tanki la maji. Alikuwa anavua bangili za malkia moja moja, anaziweka juu ya tofali.

"Nyaruach, ngoja."

"Usinishike."

"Sijakushika."

"Usifikirie kunishika. Hayo maneno yako ukurasa gani?"

"Hayako."

"Najua hayako! Mimi ndiye nilikufundisha hizo kurasa. Jina langu ni nani?"

"Si Nyaruach?"

"Lote."

"Nyaruach Nyang."

"Nyang alikufa mwaka gani?"

Sikuwa najua Nyang amekufa. Nilikuwa nimeona baba yake pale kwao, mzee mwembamba ananiangalia kama ameuziwa mbuzi mgonjwa.

"Nyang alikufa miaka mitatu kabla mimi nizaliwe," akasema. "Yule mzee unaona kwetu anaitwa Gatwech. Ni mdogo wa Nyang. Aliingia nyumba ya mama yangu ili jina la ndugu yake lisipotee. Wote wanne ametuzaa yeye, na wote wanne anatuita watoto wa Nyang. Hajawahi kusema wangu, Epuyo. Hata siku moja. Alinibeba mgongoni siku mbili tukitoka nyumbani, watu wakimuuliza huyu ni wako, anasema, huyu ni wa ndugu yangu. Unaelewa huyo ni mtu wa aina gani?"

"Naelewa."

"Huelewi. Umesimama mbele ya Lodwar yote umesema kitanda chake kina laana. Umesema mimi ni laana."

"Sikuwa nasema wewe."

"Sasa ulikuwa unasema nani? Maana hukuniangalia. Miezi mitano unaniangalia mpaka unagonga meza, leo huniangalii. Uliangalia yule mzee wa fimbo. Ni nani?"

Hapo ningeweza kudanganya. Mdomo ninao. Lakini alikuwa amesimama na bangili moja mkononi, anangoja, na niliona kabisa nikidanganya hiyo moja hataiweka kwa tofali, atanitupia na itakuwa mwisho.

"Ni baba mkubwa wangu," nikasema. "Ndugu yangu alikufa. Mzee anataka nichukue mke wake. Ni yule wa shanga, kando yake."

"Tangu lini?"

"Mwezi moja."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema nimesikia."

"Nimesikia." Akacheka, lakini hiyo haikuwa kicheko. "Wewe! Wewe ulimwambia Jean-Luc viatu vyake vinanuka mbele ya mke wake! Kwa mzee unasema nimesikia, na kwangu husemi kitu?"

"Nilifikiri utaniacha."

"Kwa hivyo mimi nilikuwa spika."

"Nini?"

"Spika ya kanisa. Mtu anajificha nyuma anaongea, sauti inatokea kwangu. Umemkataa mwanamke mwingine kupitia uso wangu, Epuyo. Umemtukana yeye, umenitukana mimi, umemtukana baba yangu hata hayuko, na mzee wako bado hajasikia jibu. Nitamaliza mchezo kwa sababu ya wenzangu. Halafu napanda lori narudi Kakuma. Usikuje kwetu."

Alisema pole, bila kupiga kelele. Ningependa apige kelele. Mtu akipiga kelele unajua bado kuna kitu. Nikabaki naangalia mahali jasho lilikuwa linashuka nyuma ya sikio lake.

"Ejok," mtu akasalimia nyuma yetu.

Baba mkubwa Lokiru. Na Atabo nyuma yake, amekunja mikono, shanga zinalia.

"Ejok, baba," nikajibu.

"Mfalme." Akatema mate kando. "Nimetoka nyumbani kwangu kuja kuona mtoto wetu akiwa mfalme. Nikaambiwa mbele ya watu kwamba mimi ni mzee wa kuleta laana. Hiyo ni mchezo, ama ni wewe?"

Nyaruach akaanza kuondoka.

"Baki," nikamwambia. "Tafadhali. Hii usikie." Halafu nikavua taji, nikaliweka chini kwa mchanga, nikasimama mbele ya mzee na kichwa changu tu. "Ni mimi. Na nilikosea mahali pa kusema, na nilikosea maneno. Laana ni uongo. Hakuna laana kwa nyumba ya Adome. Lakini simchukui Atabo, baba. Leo nasema, kesho nitasema, na ukinipiga na hiyo fimbo nitasema nikiwa chini. Atabo alinioa... alioleka kwetu mimi nikiwa mdogo wa kuchunga mbuzi. Ni dada yangu. Binti yake, kazi yote ya baba nitafanya. Akiwa mgonjwa niite. Akitaka shule niite. Siku ya kuolewa nitasimama. Ya mume, hapana."

Ndani ya ukumbi mtu alikuwa anapiga ngoma kujifurahisha.

"Atabo," nikasema, "nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Nisamehe."

Atabo aliniangalia kutoka viatu mpaka nywele. Halafu akacheka mpaka akashika tanki.

"Nani alikuambia mimi nakutaka?"

"Mzee..."

"Mzee aliniuliza? Baba, uliniuliza?" Akamgeukia Lokiru. "Nimekuambia mara tatu nina samaki zangu Kalokol, nina nyumba, niko sawa. Mara tatu umesema tutaongea. Huyu nimempangusa makamasi! Nilimfundisha kuoga! Nikilala naye si nitaamka usiku kumwambia akojoe?"

"Atabo!" mzee akasema.

"Leo nilivaa shanga zote nikuje kumwambia mimi mwenyewe hapana, kwa heshima, baada ya mchezo. Yeye akawahi, tena na laana juu. Hiyo ndiyo imeniuma. Kukataliwa nilikuwa nataka. Laana sikuagiza." Akanipiga kofi la bega, zito kabisa. "Nimekusamehe. Usirudie."

Sasa mzee alikuwa amebaki na fimbo yake bila mtu wa kumpiga. Akaizungusha kwa mchanga. Akamwangalia Nyaruach kwa mara ya kwanza, muda mrefu, ile ya wazee wetu wakiangalia mfugo hawajui alama yake.

"Wewe msichana ulimwambia arudie. Wote tulikasirika, lakini wewe ulikasirika kama mwenyewe. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wa Nyang," akasema.

"Yuko wapi, Nyang?"

"Alikufa kabla nizaliwe."

Baba mkubwa Lokiru hajawahi kukaa na Wanuer, watu wa Nyaruach. Hajui lugha yao, hajui chakula chao. Lakini hiyo hakuhitaji kuelezwa. Niliona uso wake ukibadilika.

"Kabla," akasema. "Na aliyekulea ni ndugu."

"Ni ndugu."

"Bado yuko?"

"Yuko. Kakuma."

Mzee akageuka kwangu, na sasa ndiyo nilimwogopa. "Kijana. Unajua umefanya nini? Ya Atabo ni yetu, tumemaliza hapa kwa tanki. Ya huyu haiishi hapa. Hawezi kukusamehe yeye. Umetukana nyumba ya mwanaume ambaye amefanya kazi ya ndugu yake maisha yake yote. Huyo mwanaume ndiye anaweza kusamehe. Mtu wa Turkana hawezi kutukana nyumba halafu alale tu. Kesho tunaenda Kakuma, mimi na wewe. Mimi nitasema tumekosa. Wewe utainamisha kichwa."

"Ndiyo, baba."

"Na tukifika," Atabo akaingilia, "si mtaona pia kama huyo mzee ana binti wa kuolewa?"

"Hapana," Nyaruach akasema.

Nikainama kuokota taji, nikalipanguza mchanga.

"Mkikuja kuomba msamaha, mkuje kwa msamaha tu," akasema. Alimwambia mzee, kwa heshima, magoti yamekunjwa kidogo, lakini sauti ilikuwa ile ya korti. "Baba yangu atadharau mtu anayeleta mambo mawili kwa mkono moja. Hilo lingine halijaulizwa. Likiulizwa, litaulizwa kwangu kwanza. Na leo sina jibu."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Huyu ni mtoto wa nyumba yenye heshima," akamwambia Atabo, kama anamwonyesha kitu sokoni.

Nilimkuta Jean-Luc nyuma ya pazia anapigana na gauni la Ana.

"Tunarudia korti," nikamwambia.

"Epuyo! Ile maneno ulisema ulitoa wapi? Haiko ndani ya karatasi yangu! Miaka miwili naandika—"

"Najua. Ndiyo maana narudia. Ile yako, kama ulivyoandika."

"Mchezo hairudiaka nyuma, bwana. Mfalme yuko anaenda kuoa Ana sasa."

"Ana atangoja. Watu wametoka hapa wakijua malkia alitukanwa. Nataka wasikie vizuri." Nikamshika bega. "Jean-Luc. Nisaidie hii moja."

Akaniangalia, akaangalia mlango wa nyuma, mahali Nyaruach alikuwa anarudisha bangili mkononi. Jean-Luc ni mjinga wa mambo mengi, lakini macho anayo.

"Lueth!" akaita. "Rudi kwa kiti!"

Pazia likafunguliwa. Watu walishangaa. Mimi nikaenda mbele, sikungoja ngoma.

"Ndugu zangu wa Lodwar," nikasema, "pale mwanzo mfalme alisema maneno hayakuwa yake. Hiyo ilikuwa mimi, Epuyo, fundi wa mageti, nikiongea upuzi. Sasa sikieni mfalme."

Wakacheka, wakakaa. Nyaruach akaingia, akapiga magoti mbele yangu. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kifungo cha koti langu.

Mimi nilimwangalia yeye. Sikuangalia mtu mwingine. Nikashusha sauti mpaka wa nyuma wakainama kusikiliza.

"Katerina amekuwa mke mwema na mwaminifu," nikasema. "Sina neno baya juu yake. Wala juu ya nyumba yake. Wala juu ya aliyemlea."

Hizo mbili za mwisho ziliongezeka. Jean-Luc alikohoa nyuma ya pazia, lakini hakuvuta kamba.

Nyaruach akainua macho. Yalikaa kwangu. Hayakuwa yamesamehe, hapana, siwezi jidanganya. Lakini yalikuwa ni yale ninayoyajua.

Akasema maneno yake yote ya korti, neno kwa neno, na hakuna mtu alipumua. Akamwambia mfalme amemjua miaka ishirini. Akamwambia Mungu atahukumu. Halafu akainuka, akageuka kutoka. Njia yake ilikuwa pana, steji yote ilikuwa wazi. Alipita karibu yangu mpaka gauni likagusa mguu wangu.

"Baba haamki mapema Jumapili," akasema, midomo haichezi. "Mkuje saa tano. Na uje umenyoa."

Akaenda, kichwa juu, katikati ya vigelegele.

Karatasi inasema hapo mfalme anabaki na uso wa jiwe. Nilijaribu.

"Anacheka!" Atabo akapiga kelele kutoka mstari wa mbele. "Jamani, ameachwa na anacheka!"